Mliobaki Kanisani, Msikae Peke Yenu

Mama mmoja wa huku North Carolina ameniandikia. Kanisa lao lilipojitoa katika dhehebu la United Methodist yeye alikataa kutoka, na tangu 2023 anasali sebuleni kwake. Nimelia, maana njia hiyo naijua.

Ugomvi ulikuwa juu ya ndoa za jinsia moja na uchungaji wa wapenzi wa jinsia moja. Mkutano Mkuu wa 2019, St. Louis, ulipitisha aya ya 2553 ya kitabu cha sheria za dhehebu: kanisa la hapa Marekani liliweza kuondoka na jengo lake, mradi theluthi mbili ya waliopiga kura wakubali na madeni yalipwe, pamoja na fungu la pensheni za wachungaji. Mpaka mlango unafungwa, Desemba 2023, makanisa zaidi ya 7,600 yalikuwa yameondoka.

Letu lilikuwa mojawapo. Sisi tuliokataa tulishindwa kwa kura, jengo likaenda, na lile jiko tulilolichangia akina mama likaenda nalo. Bado linaniuma. Watu niliokesha nao misibani walinikwepa dukani. Lakini dhehebu hili ndilo lililonibatiza Kamina, kule Katanga, na sikuona sababu ya kuliacha kwa kuwa wengi wamenyoosha mikono.

Jumapili iliyofuata tulikutana kwa bibi mmoja mjane. Tukasoma Zaburi, tukaimba bila kinanda, tukanywa chai. Hatukuruka Jumapili hata moja, nalisema kwa fahari! Baadaye tukapokelewa na kanisa jirani, mojawapo ya yale yaliyojitolea kuwapokea walioachwa, ambayo huku yaliitwa Minara ya Taa.

Kwa hiyo wewe uliyebaki, tafuta wenzako kwanza, hata wakiwa wawili. Mwandikie msimamizi wa wilaya ya kanisa kwamba unabaki, ili jina lako lihamishiwe kanisa lingine. Usingoje kuitwa.

Nanyi mlio na makanisa mazima, waendeeni. Msiwaulize kwa nini hawakuwafuata wenzao, wala msianze kubishana juu ya yaliyoamuliwa na Mkutano Mkuu wa Charlotte 2024, ulioondoa makatazo juu ya ndoa na uchungaji huo. Mtu aliyepoteza kanisa amefiwa, na mfiwa haendewi na hoja. Mchungaji, ukituma ujumbe wa simu tu hujawatembelea. Nenda ukae, ule walichopika, uwape Meza ya Bwana nyumbani kama hawana pa kuipata. Wazee wengi hawaendeshi gari, na kanisa la jirani liko mbali. Mwenye gari awapitie mapema, kabla ibada haijaanza.