Kuchekesha Msibani: Kwa Anayeanza Kuandika Gemu za Riwaya

Unapoanza kuandika gemu za riwaya, zile ambazo mchezaji husoma hadithi yenye picha na kuichagulia njia, ni rahisi kudhani kwamba kifo chenyewe kinachekesha. Nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Utani wa makabila wa Tanzania ungeweza kunifundisha mapema: mtani anapojilaza kaburini na kudai alipwe ndipo atoke, waombolezaji hucheka kwa sababu uhusiano wao umempa ruhusa, ilhali jirani asiye mtani akithubutu kufanya vivyo hivyo atatolewa makaburini kwa fimbo. Kwa hiyo, kabla hujamuua mhusika yeyote, hakikisha mchezaji amekwisha kuwa mtani wako.

Itazame Hatoful Boyfriend ya Mjapani Hato Moa, iliyotoka mwaka 2011. Wewe ni msichana, binadamu pekee katika shule ya ndege, na unatafuta mchumba miongoni mwa ndege, wengi wao njiwa, wanaoonyeshwa kwa picha halisi. Upuuzi huo unasimuliwa kwa uso mkavu kabisa, na hapo ndipo ruhusa inapopatikana, kwa kuwa mchezaji aliyekwisha kukubali kuchumbiwa na njiwa hana tena mlango wa kukimbilia mambo yanapoharibika. Daktari wa shule ni kwale mpole wa maneno. Anayemfuata kwa mapenzi huishia kuuawa naye, na aliyechagua kwenda zahanati kila mara ni mchezaji mwenyewe, kwa kidole chake.

Slay the Princess ya mwaka 2023 inafundisha jambo jingine. Msimulizi anakuagiza umuue binti mfalme aliyefungwa chini ya kibanda msituni, la sivyo dunia itaangamia. Wewe unaweza kuhoji, kubisha, hata kugeuka na kuondoka, naye anazidi kukereka. Vichekesho vingi vimo katika yale unayoruhusiwa kumjibu. Chaguo ni kinywa cha mchezaji, basi mpe maneno yenye ulimi.

Mimi nilijifunza hilo kwa kuaibika. Katika gemu yangu moja, mchezaji ni mweka hazina wa kamati ya mazishi ambaye amezila fedha za rambirambi. Toleo la kwanza lilikuwa na machaguo mawili, «Kiri» na «Danganya», na walionijaribia wote walikiri, wakamaliza, wakanirudishia simu yangu bila hata kutabasamu. Nikaandika upya: ni siku ya kuanua tanga, mjane anauliza hesabu, na majibu ni matatu. «Zimebaki shilingi 340,000, nyingine nimekula mimi.» «Zimekwisha kwenye maturubai.» «Marehemu mwenyewe aliniruhusu nizitumie.» Karibu kila mtu alicheka na kubonyeza la tatu. Mjane akauliza taratibu, «Alikuruhusu lini, shemeji?» Nilikuwa nimeandaa majibu manne ya kuchekesha kwa swali hilo, nikayafuta yote na kuacha chaguo moja tu: «Nyamaza.» Rafiki yangu aliyekuwa akicheka aliiweka simu mezani, akaitazama kwa muda, kisha akabonyeza.

Onyo mwanzoni mwa gemu haliharibu kichekesho. Doki Doki Literature Club ya mwaka 2017, gemu ya kutisha inayojifanya ya mapenzi ya shule, ilitanguliza onyo la wazi kwamba haiwafai watoto, na bado iliwashtua watu.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni kurudi nyuma. Ukitumia Ren'Py, programu ya bure ambayo wengi wetu tunaanzia, mchezaji anaweza kurudi kwenye sentensi iliyopita kwa kuzungusha gurudumu la kipanya, akachagua upya kana kwamba hakusema neno. Kichekesho kinachotegemea mshtuko peke yake hufia hapo. Lakini programu hiyohiyo inakuruhusu kuhifadhi taarifa ambazo hazifutiki mchezaji anaporudi, nami nilizitumia kukumbuka kama uongo wa ruhusa ya marehemu umewahi kutamkwa. Sasa anayerudi nyuma baada ya kunyamaza, akajifanya mwema na kukiri alichokula, humkuta mjane amemtazama kidogo kabla ya kusema, «Hili afadhali kuliko lile la kwanza, shemeji.»