Usitoe laini ya banda la gari kwenye soketi ya sebuleni, mimi yalinikuta

Mkuu umeuliza kama unaweza kutoboa ukuta, ukatoa laini kwenye soketi ya sebuleni ukaweka soketi nne na taa mbili kwenye banda la gari, na fundi kakwambia ni kazi ya nusu siku. Ni kweli, yangu ilichukua masaa matatu tu, halafu mwaka mmoja baadae nikaibomoa yote.

Mimi nipo Kigamboni. Nilimwita fundi wa mtaani akanifanyia hivyo hivyo unavyotaka wewe, mwanzoni freshi kabisa, nachaji betri, taa inawaka, sina shida na mtu. Nikaja kununua kompresa. Siku nimeiwasha mama watoto anapiga pasi ndani, breka ya umeme ikakata, narudisha inakata tena. Fundi akaja akatoa breka ya ampia 20 akaweka ya 32 akasema bosi hii haikusumbui tena. Na kweli haikunisumbua, ila wiki chache mbele sebuleni pakawa panatoa harufu ya plastiki, kufungua ile soketi nakuta ganda la waya limekuwa jeusi, gumu, linakatika kama tambi mbichi. Kumbe kipande cha kwenda bandani jamaa alitumia waya wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa, ambao hata hiyo breka ya 20 ilikuwa kubwa kwake. Breka ilikuwa inapiga kelele sisi tukaiziba mdomo.

Sasa hilo la waya kuungua ni dogo. Kuna siku nimemaliza kuosha gari, sakafu imelowa, niko peku, nikashika tenki la kompresa nikarushwa mpaka mlangoni. Breka imetulia tu. Hapa ndo watu wengi tunapokosea, breka inalinda waya, wewe haikujui. Inasubiri ampia 20 zipite wakati binadamu milliampia 30 tu zinatosha kumweka pabaya. Kilichotakiwa kukata pale ni RCD ya milliampia 30, kile kifaa kinachokata umeme kikiona unavuja, na sikuwa nayo, na isitoshe fundi alivuta nyaya mbili tu, laivu inayoleta umeme na nyutro inayourudisha, erthi, ule waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, hakuileta kabisa.

Na usidhani ukishakuwa na erthi basi RCD ni mbwembwe. Nyumba zetu nyingi zinategemea nondo yake yenyewe iliyopigwa ardhini, na huku kwetu ni mchanga, kiangazi unakauka kabisa. Tuseme nondo yako ina ukinzani wa ohm 50, gawanya volti 230 kwa 50 unapata kama ampia 4.6, hiyo breka ya 20 haishtuki hata kidogo na chuma cha nje cha mashine kinabaki na umeme kinakusubiri. RCD ndo inakata hapo. Halafu kuna mafundi wakikosa erthi wanaunga kawaya toka nyutro kwenda kwenye tundu la erthi ndani ya soketi ili ukipima ionekane ipo, huyo mfukuze aisee, maana nyutro ikichomoka mahali tu kila chuma ulichochomeka hapo kinakuwa laivu.

Nilivyorudia nilitafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Tulianzia meinswichi, laini mpya ya soketi waya 2.5 nyaya tatu, breka yake ya 20, inapita kwenye RCD. Hiyo 32 iache kwa laini ya mzunguko ambayo waya unapita soketi zote halafu unarudi tena kwenye meinswichi. Taa zina laini yake ya 1.5 na breka ya 6, nje ya ile RCD ya soketi, sababu ni ndogo ila ina maana, grenda ikikatisha umeme usiku hutaki kubaki gizani na lile jiwe bado linazunguka mkononi. Nyaya zote ndani ya paipu, panya wa huku hawana adabu. Soketi ziko kama mita 1.2 kutoka chini, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unatambaa sakafuni, na cheche ya swichi hutaki ikutane nao. Mashine ya kuchomelea usiichomeke kwenye hizo soketi, plagi ya ampia 13 mwisho wake ni kama wati 3,000, hiyo ivutie laini yake.

Taa weka mbili pembeni mwa gari, sio moja katikati, maana ukifungua boneti, kwa taa ya katikati utakuwa unajifunika na kivuli chako. Na hakikisha swichi inakata laivu, ukiona balbu ya LED inawaka hafifu wakati umezima, inawezekana swichi iko kwenye nyutro na holda bado ina umeme.

Kabla hujashika chochote, tesita ijaribu kwanza sehemu unayojua ina umeme ndo uiamini, halafu zima meinswichi upime. Upande wa mita ya LUKU usiguse, hiyo ni ya TANESCO.

Fundi akimaliza usimlipe kwanza. Mwambie apime erthi kwa mashine yake mbele yako, halafu wewe mwenyewe bonyeza kile kitufe cha T kwenye RCD, isipokata arudi kazini. Yangu naibonyeza kila nikinunua umeme wa mwezi.