Muulize Fundi: Mshale unatetemeka

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina steshenari hapa Morogoro, nachapa barua na CV za watu. Mshale wa laptopu unatetemeka, nikiulenga kwenye herufi unaruka pembeni. Nimenunua kipanya kipya, wapi! Aliyeniuzia anasema ni virusi, nimlipe afute kila kitu. Cha ajabu, umeme ukikatika nikabaki na betri, mshale unatulia. – Mama Steshenari

JIBU: Marahaba, mama. Hela yako usiitoe. Kirusi kwa kawaida hakitulii eti kwa sababu umeme umekatika.

Hicho ulichokiita cha ajabu ndicho kinachonipa jibu. Tachipadi, lile bapa la kupapasa, huhisi kidole kwa umeme mdogo mno. Chaja isipopata ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini, umeme kidogo huvujia kwenye laptopu, na tachipadi inadhani inaguswa. Kama laptopu yako ina ganda la chuma, ipapase taratibu ikiwa kwenye chaji; ukisikia kama mtekenyo, ndiyo hiyo.

Sasa tazama ekstensheni. Nyingi za bei rahisi zina matundu matatu, lakini ndani nyaya ni mbili tu. Au labda unachokonoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie? Mchezo huo uache leo hii, mshale utulie usitulie. Tafuta chaja ya miguu mitatu, uichomeke ukutani moja kwa moja. Mshale ukitulia, ekstensheni itupe. Ukiendelea, huenda jengo lenyewe halina ethi: mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na kwa maoni yangu mwenye nyumba ndiye alipe.

Wakati unasubiri, fungua mipangilio ya Windows, sehemu ya tachipadi, uondoe tiki inayoiacha ifanye kazi kipanya kikiwa kimechomekwa.

Mshale bado unacheza? Basi niambie, kaunta yako ni ya kioo? Kipanya cha taa hupiga picha za uso wa meza zaidi ya elfu moja kwa sekunde, kikizilinganisha kujua kimesogea wapi. Kwenye kioo hakioni cha kulinganisha. Kiwekee daftari lenye jalada lisilong'aa. Kigeuze pia: unywele mmoja kwenye tundu la taa unatosha kukivuruga. Puliza, usichokonoe kwa pini.

Na kile kipanya cha zamani, kama hujakigawa, kirudishe kazini.