Chora Mishale Kabla ya Kushika Spana

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msimamizi wa karakana inayounganisha pikipiki zinazofika zikiwa vipande ndani ya makasha. Tuna mafundi wanne, na tunatakiwa kutoa pikipiki 32 kwa zamu ya saa 8, lakini hatufikishi. Mara fundi wa nyaya analazimika kufungua tangi lililokwisha kufungwa, mara pikipiki zisizokamilika zinarundikana mbele yake. Nimesikia kazi hii hupangwa kwa grafu. Inafanyikaje?

JIBU: Ndugu msimamizi, grafu hiyo si ile ya shuleni yenye mihimili miwili. Ni viduara na mishale: kila kiduara ni kazi moja, na mshale unaotoka kazi hii kwenda ile unasema kwamba ya pili haiwezi kuanza kabla ya kwanza haijakwisha.

Kwa vipimo ulivyotuletea, kufunga injini kwenye fremu huchukua dakika 12, uma wa mbele 8, gurudumu la mbele 5, gurudumu la nyuma pamoja na cheni 10, nyaya 9, tangi na siti 6. Injini hutoa mshale kwenda kwenye uma na mwingine kwenda kwenye cheni. Uma hutoa mshale kwenda kwenye gurudumu la mbele na kwenye nyaya, kwa kuwa nyaya hufika hadi kwenye usukani. Nyaya nazo hutangulia tangi, linalozifunika. Mshale huo wa mwisho ndio mnaouvunja.

Mkiwa na dakika 480 kwa pikipiki 32, kila kituo, yaani mahali pa fundi mmoja, kina dakika 15 kwa kila pikipiki. Kazi zote ni dakika 50, kwa hiyo vituo vitatu havitoshi, ila vinne vinatosha: injini (12), uma na gurudumu la mbele (13), gurudumu la nyuma (10), kisha nyaya, tangi na siti (15). Kati ya gurudumu la nyuma na nyaya hakuna mshale, hivyo kasha la cheni likichelewa, pikipiki inaweza kupita kwanza kwa fundi wa nyaya.

Mpango ukishakaa, mrundikano hudhibitiwa kwa grafu ya aina nyingine, iliyotokana na tasnifu ya Mjerumani Carl Adam Petri ya mwaka 1962. Aliyecheza bao ataielewa upesi, maana nayo ina mashimo na kete. Kazi huanza pale tu ambapo kila shimo linaloilisha lina kete: pikipiki ipo, vipuri vipo, na stendi ya kuipokea mbele iko wazi. Wekeni stendi mbili tu kabla ya kituo cha nne, na vifuniko viwili vya soda ubaoni viwe kete zake: stendi ikikaliwa kimoja kinaondolewa, ikiwa wazi kinarudishwa; vikiisha, fundi wa kituo kilichotangulia asisukume pikipiki nyingine, bali aende kumsaidia mwenzake.

Kipimeni upya kituo hicho cha nne, pikipiki kumi hivi mfululizo, kwa sababu hakina hata dakika moja ya ziada.