Mtu kasukuma chipu zote na mmebaki wachache, unakoli au unaacha?

Nimecheza tonamenti za poka hapa Dar miaka sita sasa, nyingi ni zile za wikiendi za kiingilio laki moja, na nikikaa nikapiga hesabu zangu vizuri, hela nyingi niliyoacha mezani sikuiacha kwa kusukuma chipu zangu mwenyewe, niliiacha kwa kukoli ol-in za watu wengine, yaani mtu anasukuma chipu zake zote na mimi naweka zinazolingana na zake. Na karibu zote ilikuwa mwishoni mwishoni, saa sita saba za usiku, mmebaki sita au watano, macho yanawaka na mgongo unauma. Kwa hiyo haya naandika kwa ajili ya ndugu yangu ambaye anafika meza ya mwisho mara kwa mara halafu anarudi nyumbani mikono mitupu.

Ngoja nianze na usiku mmoja. Tulianza watu 40, wanalipwa watano, tukabaki sita. Maana yake akitoka mtu mmoja tu, wote waliobaki wana hela. Mimi nilikuwa na blaindi 18 (blaindi ni dau la lazima, kuna kubwa na ndogo ambayo ni nusu yake, na chipu tunazipima kwa ile kubwa), wa pili kwa chipu pale mezani. Kulikuwa na kijana ana blaindi 3 na mwingine ana 4, hao walikuwa wanapumulia mashine kabisa. Halafu kulikuwa na mzee mmoja, umri wa baba yangu, ambaye kwa zaidi ya saa nzima sikumwona akicheza mkono hata mmoja, anafoldi tu, yaani anaacha karata zake, anakunywa maji yake taratibu. Blaindi kubwa ikawa yangu. Wote wakaacha mpaka ikafika kwa mzee kwenye batani (kiti cha kabla tu ya blaindi mbili), akaziangalia karata zake mara moja tu, akazilaza, akaweka chipu moja juu yake, akamuuliza dila anayegawa karata blaindi sasa hivi ni ngapi, kisha akazishika chipu zake minara miwili kwa mikono miwili akazisogeza mbele pole pole bila kuangusha hata moja. Ol-in, blaindi 17. Mimi nikafungua pembeni nikaona ree (A) na J, nikasema koli. Sidhani kama zilipita sekunde mbili.

Mzee akafungua Q mbili. Ree haikuja. Nilikuwa nimeshatoa ante (dau jingine la lazima) ya blaindi moja kwa hiyo tulikuwa tunalingana kabisa, sikubaki na kitu. "Pole kijana wangu," akaniambia, nikamjibu asante mzee, nikatoka wa sita. Niko nje nasubiri bajaji nikasikia makofi ndani, yule kijana wa blaindi 3 ametoka. Wa tano. Kaondoka na laki tatu na mimi niliyekuwa na chipu mara sita zaidi yake sina hata mia.

Usiku ule nililala nikijiambia ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. AJ dhidi ya QQ inashinda kama mara 30 tu kati ya 100, na mzee aliyekaa saa nzima bila kucheza hasukumi blaindi 17 na karata za kubahatisha, ana jozi kubwa au ana AK, basi. Kila kitu alichofanya kilikuwa kinaniambia hivyo na mimi nilikuwa naangalia ree yangu tu.

Kitu cha kwanza ambacho watu hawakitofautishi ni kusukuma na kukoli. Ukisukuma wewe una njia mbili za kushinda, wenzako wanaweza kuacha ukachukua poti, yaani chipu zote za katikati, bila kupigana, na wakikoli bado unaweza kushinda kwa karata. Ukikoli umebaki na njia moja tu, lazima karata zako zishinde. Ndiyo maana unaweza kusukuma AJ pale pale kwenye batani na ikawa sawa kabisa, lakini AJ hiyo hiyo kuikoli ikawa kosa kubwa. Karata ni zile zile, kazi siyo ile ile.

Cha pili ni hesabu ya poti, na hii haihitaji mtu awe amesoma sana. Unaangalia unatakiwa kuongeza ngapi halafu unagawanya kwa poti yote itakavyokuwa ukishakoli. Mfano mtu wa blaindi ndogo kasukuma blaindi 10, wewe upo blaindi kubwa, umeshaweka 1 na ante 1. Pale katikati kuna 12, wewe unaongeza 9, jumla 21. 9 kwa 21 ni kama asilimia 43. Kwa hiyo karata zako zikiwa zinashinda zaidi ya mara 43 kati ya 100 dhidi ya zile ambazo huyo mtu anaweza kuwa nazo, kwa upande wa chipu unakoli. Kama ni mtu anayesukuma chochote, hata K9 inatosha, maana dhidi ya karata zozote mbili inashinda kama mara 58. Kwa mzee wangu wa Q mbili hesabu ilikuwa 16 kwa 35 na nusu, yaani asilimia 45, na mimi nilikuwa na 30. Hata kwa chipu peke yake nilikuwa nimekosea, bado hatujagusa hela.

Na hela ndiyo penyewe hasa. Hapa naomba usome taratibu maana mimi ilinichukua miaka kuelewa. Chukua watu wanne wamebaki, kila mmoja ana chipu sawa, zawadi ni laki tano, laki tatu na laki mbili, wa nne hapati kitu. Jumla milioni moja, kwa hiyo kila mmoja nafasi yake ina thamani ya 250,000. Mwenzako kasukuma zote, wewe unakoli, ukashinda, sasa una nusu ya chipu zote. Ungetegemea nafasi yako iwe 500,000 si ndiyo? Hapana. Kwa sababu huwezi kushinda zaidi ya zawadi ya kwanza, na bado unaweza kumaliza wa pili au wa tatu, ukipiga hesabu inakuja 383,000 hivi. Umeweka rehani 250,000 ili upate ongezeko la 133,000. Ukigawanya unakuta unatakiwa uwe unashinda asilimia 65, siyo 50.

Na hizo nyingine zimeenda wapi? Zimeenda kwa wale wawili waliokaa wanakunywa soda, kila mmoja nafasi yake imepanda kutoka 250,000 mpaka 308,000 bila kugusa karata. Wewe na mwenzako mmetwangana, wao wamelipwa elfu 58 kila mmoja kwa kuangalia tu. Siku nilipoiona namba hiyo nilibadilika kabisa namna ya kukaa mezani.

Asilimia 65 ni nyingi jamani. Hata mtu asukume bila kuangalia karata zake, ukitoa zile blaindi zilizopo katikati, AK ya rangi tofauti inashinda 65 hivi, yaani ndiyo unaanza kufika hapo. Jozi ya 7 ni 66. Sasa ukiwa na A9 dhidi ya mtu anayechagua karata unafikiri uko wapi?

Hesabu hii wachezaji wanaiita ICM, na mizizi yake wala siyo karata, ni mbio za farasi, mwanatakwimu David Harville aliiandika 1973 kukadiria nani atamaliza wa ngapi, halafu mwandishi wa vitabu vya kamari Mason Malmuth akaileta kwenye poka 1987. Siku hizi kuna programu za bure zinakupigia, mimi nakaa Jumapili mchana narudia mikono yangu ya usiku wa jana, na hiyo imenisaidia kuliko video zote nilizowahi kuangalia. Mezani huwezi kupiga hesabu yote lakini ukishairudia mara nyingi jicho linazoea.

Sasa isije ikaonekana nasema uwe mwoga, kuna watu wamesikia habari za ICM wakageuka mawe, wanafoldi mpaka blaindi zinawamaliza. Angalia nani anamfunika nani, yaani nani ana chipu nyingi kuliko mwenzake. Kama aliyesukuma ana chipu chache kuliko wewe, ukishindwa unabaki hai, unaweza kukoli kwa aina nyingi zaidi za karata. Kama yeye anakufunika na kuna watu wawili wanakaribia kutoka, jikaze, usikoli ovyo. Na kama mtu kasukuma blaindi 2 tu akiwa blaindi ndogo na wewe upo kubwa, unaongeza 1 kwenye jumla ya 5, asilimia 20, hapo karibu karata zozote unakoli, usianze kujiuliza uliza.

Mkibaki wawili ile habari ya asilimia 65 inakufa, maana zawadi ya pili wote mmeshaipata, kinachogombewa ni tofauti tu, chipu na hela zinatembea pamoja. Inabaki hesabu ya poti na kumsoma mtu. Mfano ninaoupenda ni fainali ya WSOP, mashindano ya dunia ya poka, 2003 kule Las Vegas, watu 839, kiingilio dola 10,000, na Chris Moneymaker alikuwa ameingia kupitia mchujo wa intaneti wa dola 86. Wamebaki yeye na Sam Farha. Moneymaker akasukuma ol-in ana K na 7, hana kitu, karata alizokuwa anazisubiri hazikuja, anatishia nyau tu. Farha alikuwa na jozi ya 9. Akafikiria sana, akaacha. Baadaye Farha akapata jozi ya J kwenye flopu (karata tatu za kwanza za mezani), safari hiyo chipu zote zikaingia, na Moneymaker ana 5 na 4, jozi mbili, akachukua dola milioni 2.5. Watu humlaumu Farha kwa kuacha ile jozi ya 9, mimi namwelewa, maana nikiangalia mkono ule naona jinsi ilivyo ngumu mtu kukaa na jozi moja tu na chipu zake zote mkononi, hata kwa mtu aliyecheza maisha yake yote.

Kuhusu kumsoma mtu mimi sihangaiki sana na kope wala mate anavyomeza, najiuliza tu ndani ya nusu saa iliyopita kasukuma mara ngapi na akiwa na chipu kiasi gani. Aliyesukuma mara nne siyo sawa na aliyesukuma mara moja. Basi.

Na jichunguze na wewe. Mimi nina neno langu ambalo likija kichwani najua nimeharibikiwa, nalo ni "liwalo na liwe". Likija hilo ujue hujahesabu, umechoka, au una hasira na mkono uliopita, au unataka tu usiku uishe. Siku hizi likija naziweka karata chini, nashika chipu moja, nahesabu poti kutoka mwanzo. Na kama kiingilio ni hela ya kodi ya nyumba usikae kabisa, maana hela hiyo itakukolia yenyewe au itakufoldia yenyewe.

Jumamosi iliyopita tulibaki wanne, wanalipwa watatu. Dada mmoja wa blaindi ndogo akasukuma 9, alikuwa ameshasukuma mara tatu kwenye raundi ile, mimi nina 30 nipo blaindi kubwa, ree na 8. Nikahesabu, naongeza 8 kwenye jumla ya 19, asilimia 42, namfunika, nikishindwa bado nina 20. Nikaipandisha asilimia hiyo kidogo kwa ajili ya zawadi, bado ree inatosha kwa mtu anayesukuma hivyo. Nikakoli. Ana K na 10, mimi nipo mbele kama 58 kwa 42. Ya mwisho ikaja 10.

Akasema pole kaka, nikasema iko poa dada, dila akakusanya karata akaanza kuchanganya upya, na mimi nikazipanga zile 20 zangu.