Ukitaka kuipenda besiboli, zima televisheni

Miaka miwili ya kwanza Marekani niliamini besiboli ni adhabu waliyojitungia wenyewe. Nyumba niliyopanga chumba ilikuwa na televisheni sebuleni, na kuanzia Aprili hadi Septemba ilionesha kitu kimoja: wanaume wamesimama. Mmoja anatafuna na kutema, mwingine anarekebisha kofia, wa tatu anatikisa kichwa kumkatalia mwenzake jambo tusiloambiwa ni lipi. Halafu linakuja tangazo la magari. Siku moja niliuliza mechi inaanza saa ngapi, nikajibiwa tuko awamu ya sita kati ya tisa.

Kilichonibadilisha ni kazi. Mwaka 2016 nilipata boksi, yaani kibarua cha kusafirisha sampuli za maabara jioni na usiku kati ya Cincinnati na Dayton, jimbo la Ohio, mwendo wa saa moja na ushee kwenye barabara kuu ya I-75. Gari lilikuwa na redio ya AM na FM, basi. Hapakuwa na pa kuchomeka simu. Nyimbo za FM zilinichosha ndani ya wiki, nikaanza kuzungusha kitufe upande wa AM, nikatua 700. Hiyo ni WLW, kituo cha wati 50,000 kinachotangaza mechi za timu ya mji, Cincinnati Reds.

Sikuelewa sheria hata moja. Ila mtangazaji alikuwa anaeleza kwamba bendera ya kule upande wa kulia imelala kwenye mlingoti, hakuna upepo, mpira hautafika mbali leo. Mrushaji amejifuta mkono kwenye suruali mara mbili. Mkimbiaji wa besi (kituo cha kukimbilia) ya kwanza anaibia hatua, moja, mbili, anarudi. Nikajikuta nimepunguza mwendo, kama vile mimi ndiye nitakayemshtua.

Waliokulia Bongo enzi za Radio Tanzania watanielewa haraka. Kwetu Morogoro mpira wa Simba na Yanga ulikuwa sauti za akina Charles Hilary na Ahmed Jongo, na redio ambayo betri zake zilishinda zimeanikwa juani ili zipate nguvu ya dakika tisini. Uwanja wa Taifa niliujua vizuri miaka mingi kabla sijauona. Lakini kuna tofauti. Mtangazaji wa soka anakimbizana na mpira mpaka pumzi inamwishia. Wa besiboli amekaa barazani na kahawa yake, anakusimulia habari za mjukuu wa jirani, na katikati ya sentensi anakwambia mpira umerushwa, ni straiki (mpigaji kahesabiwa kosa moja), kisha anaendelea na mjukuu pale alipomwachia.

Hapo ndipo ilipo siri yote, na ndiyo maana nawashauri msianzie kwenye televisheni. Mpira unaporushwa, unamfikia mpigaji kwa muda usiofika nusu sekunde. Baada ya hapo ni kusubiri. Tangu 2023 kuna saa inayombana mrushaji, sekunde 15 kama besi ziko tupu, na sasa 18 kama kuna mkimbiaji. Kabla ya hapo angeweza kusimama akatafakari maisha yake, ndiyo maana wastani wa mechi mwaka 2022 ulikuwa saa 3 na dakika 4, na mwaka uliofuata ukashuka hadi saa 2 na dakika 40. Hata kwa saa hiyo, mchezo wenyewe ni punje, na pengo ni gunia. Swali ni nani anayelijaza pengo.

Televisheni inalijaza kwa nyuso, marudio na visanduku vya takwimu. Kamera kuu inakaa mbali nyuma ya mrushaji, unaona mgongo wake, mpigaji na gongo lake (la kupigia, si lile la kunywa), mdakaji aliyechuchumaa na mwamuzi nyuma yake. Watu wanne. Wengine wanaolinda uwanja huwaoni mpaka mpira uwafuate, kwa hiyo huelewi kwa nini ulidakwa kirahisi hivyo. Na watangazaji wa televisheni wanajua kwamba unaona, basi hawakuelezi. Wanazungumza wao kwa wao, wawili watatu, wanacheka vichekesho vya jana, na wewe ni kama mgeni aliyefika katikati ya mazungumzo. Mtu wa redio hana ujanja huo. Asiposema mlinzi wa kushoto amesogea mbele hatua tano, mlinzi huyo hayupo duniani.

Cincinnati pana historia yake katika hili, nami niliichimba polepole kwa sababu ya kazi yangu ya kukaa kwenye usukani. Tajiri mmoja wa hapa, Powel Crosley, alikuwa na kiwanda cha redio, akawa na kituo cha WLW, kisha mwaka 1934 akashika na timu yenyewe. Akili ya biashara: mpira unauza redio, redio inauza mpira. Mwaka huohuo akaajiriwa kijana wa Kusini, Red Barber, ambaye siku anatangaza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ilikuwa pia mara yake ya kwanza kuiona kwa macho. Barber baadaye alikuwa anaweka mbele yake saa ya mchanga ya dakika 3, ile ya kuchemshia mayai. Mchanga ukiisha anataja matokeo na kuigeuza. Ameshajua kuna mtu ndiyo kwanza anawasha redio, au anatoka jikoni. Mimi niliyekuwa naingia na kutoka kwenye gari na visanduku vya damu, kila nikirudi kwenye kiti matokeo yalinikuta ndani ya muda mfupi. Katika mambo yote ya utangazaji, hilo nalihesabu kuwa adabu ya kwanza.

Nilipoanza kusikiliza, mikrofoni ya Reds ilikuwa bado kwa Marty Brennaman, aliyekuwepo tangu 1974. Timu ilikuwa mbovu. Ilishindwa mechi 94 mwaka 2016, ikashindwa 94 tena mwaka 2017, na 2018 ikaona hazitoshi, ikashindwa 95. Msimu una mechi 162, kwa hiyo piga hesabu ya huzuni. Brennaman hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mchezaji akizembea alisema amezembea, na mtu aliyelipwa kuisifia timu akikwambia ukweli, siku akisifia unaamini. Timu ikishinda alifunga kwa maneno yaleyale, kwamba hii ni mali ya Reds. Siku yake ya mwisho, 26 Septemba 2019, Reds walifungwa. Hakupata nafasi ya kuyasema.

Sasa niwaeleze usiku wenyewe. Jumanne, 6 Juni 2017, Reds na St. Louis Cardinals, mechi iko hapa mjini. Kulikuwa na kijana anaitwa Scooter Gennett, mzaliwa wa Cincinnati, timu ya Milwaukee ilikuwa imemwacha mwezi Machi na Reds wakamwokota. Nikiwa napakia, akapiga homurani, mpira ukavuka ukuta na besi zote zina watu, pointi 4 kwa mpigo. Nikiwa njiani, akapiga ya pili. Nimefika Dayton, nimesainisha, narudi: ya tatu. Hapo watangazaji wakaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, kama watu walio karibu na mtoto aliyelala. Hakuna mchezaji wa Reds aliyewahi kupiga nne katika mechi moja, na timu hii ina umri mkubwa kuliko gari, ndege na redio yenyewe.

Awamu ya nane akasimama tena. Niliingia kituo cha mafuta nikazima injini, nikaacha redio tu. Straiki ya kwanza. Unasikia uwanja ukinyamaza, na kunyamaza kwa watu maelfu si kimya, kuna mvumo. Muuza vyakula anapiga kelele mbali. Straiki mbili, imebaki moja atoke. Kisha nikasikia mlio wa gongo kabla mtangazaji hajafungua mdomo, na mlio ule mtu ukishauzoea unaujua: mkavu, mfupi, kama kuni iliyokubali shoka. Sauti ya mtangazaji ikapanda, ikapanda, na uwanja ukaifunika. Nilikuwa nimeshika usukani wa gari lililosimama.

Nilifika kwenye kituo kilichofuata nimechelewa dakika kumi. Nikasaini fomu, sikueleza.

Kesho yake nikaangalia video. Homurani nne zimeunganishwa, zinaisha kabla chai haijapoa. Ilikuwa kama mtu aliyekesha kwenye harusi halafu anaoneshwa picha ya keki.

Basi, kama uko huku na unataka kuanza, haya ndiyo yaliyonifaa. Sheria usizisome zote, zitakukimbiza. Jua kwamba boli 4 mbaya zinampeleka mpigaji besi ya kwanza bure, straiki 3 zinamtoa, na watatu wakitolewa timu zinabadilishana. Awamu ziko 9. Mengine utafundishwa na mtangazaji kwa sababu anarudia hesabu hiyo kila mrusho, usiku kucha, msimu mzima. Ndiyo maana nasema hata Kiingereza changu cha masikio kilinyooka kwa besiboli kuliko kwa darasa nililolipia: maneno yaleyale, mpangilio uleule, na mzee hana haraka.

Chagua timu ya mji unaoishi, na usikilize watangazaji wake wenyewe, si wa taifa zima. Wale wa taifa wanatangaza timu mbili wasizolala nazo, wanasema yaliyomo kwenye karatasi. Wape watu wako mwezi mmoja. Wiki ya kwanza ni kelele, ya pili ni majina, ya tatu utaanza kubishana nao peke yako garini, na hapo umeshafika.

Nenda uwanjani mara moja, mapema. Tiketi za juu kabisa siku za katikati ya wiki huwa si ghali. Mimi nilisikiliza mwezi na nusu bila kuuona uwanja wa Reds ulio kando ya mto Ohio, na kichwani nilikuwa nimeuchora kinyume, mto nimeuweka upande usio wake. Baada ya kwenda, kila mtangazaji aliposema kulia niliona kulia. Ila usifanye kosa langu la kwenda na simu ukidhani utasikiliza kwa programu ya intaneti. Sauti ya intaneti inachelewa. Uwanja mzima ulisimama na kushangilia, mimi kwenye masikio nasikia mrushaji ndiyo kwanza anajiandaa, na jirani yangu ananitazama kwa nini sinyanyuki. Beba kiredio cha AM cha betri. Si ushamba: timu ya Dodgers ilipohamia Los Angeles mwaka 1958 ikachezea uwanja mkubwa mno, wa riadha, maelfu ya watu walikuja na redio zao ndogo ili mtangazaji wao Vin Scully awaeleze kinachotokea mbele ya macho yao. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba sauti yake ilimrudia kutoka jukwaani.

Na anayedhani besiboli ni ya waliozaliwa nayo, kuna Jaime Jarrín. Alifika Marekani kutoka Ecuador mwaka 1955, mchezo wenyewe haujui. Mwaka 1959 akaanza kuitangazia Dodgers kwa Kihispania, na kwa miaka kadhaa mechi za ugenini alizitangaza akiwa studio, anasikiliza redio ya Kiingereza sikioni na kuwasimulia wasikilizaji wake kana kwamba yuko uwanjani. Alistaafu 2022, baada ya misimu 64. Mgeni aliyeujua mchezo kwa kusikiliza, tena akautangaza kwa kusikiliza.

Televisheni siikatai yote. Mkimbiaji akiteleza kwenye besi na mpira ukafika wakati huohuo, marudio ya polepole hayana mpinzani, na redioni utabaki na neno la mtu mmoja. Nyumbani fainali za Oktoba tunaziangalia. Mke wangu huangalia, mimi hukaa jikoni na redio, halafu ananiuliza kwa nini nimeguna kabla yake. AM inatangulia, matangazo ya intaneti kwenye televisheni yetu yanafuata nyuma sana. Nimekatazwa kuguna.

Jambo moja la ufundi. Usiku mawimbi ya AM huakisiwa na tabaka la juu la anga yakaenda mbali, kwa hiyo jua likizama jaribu 1120. Nikiwa Ohio huwa naipata KMOX ya St. Louis, kilomita kama 500 kutoka hapa, inakuja na kupotea kama mtu anayeongea upande wa pili wa ukuta. Antena ya kiredio cha AM imelala ndani ya kiredio chenyewe, kwa hiyo usihangaike kuvuta ule mti wa juu, kigeuze kiredio kizima polepole mpaka sauti ikae sawa. Kikikoroma, chomoa kwanza chaja ya simu, kisha zima taa za LED. Kwangu ilikuwa taa ya jikoni.