Barua kwa mwanangu: huyo alokwambia huna kipaji kakusikia mara moja tu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma, nikausoma tena, mama ako nikamsomea na yeye. Sikutaka kukujibu kwa voisi kwa sababu haya nataka uwe nayo mkononi uyasome ukishatulia. Umesema umekwenda studio huko Dar na ule wimbo wako wenye hadithi ndani yake, ukaimba, ukasimulia, na prodyuza akakwambia mbele ya watu "dada huna kipaji, baki na uhasibu wako", na sasa unaniuliza, baba hivi kipaji mtu anazaliwa nacho au anajifunza, na kama mimi sinacho niache?

Usiache. Nalisema hili mwanzo ili usisome barua yote roho iko juu.

Na sisemi kwa sababu we ni mtoto wangu, nasema kwa sababu mimi nimekaa na wapigaji na waimbaji umri wangu wote, fidla mkononi, na haya maneno ya kipaji nayasikia tangu nikiwa mdogo na yanayosemwa mengi hayalingani na nnayoyaona. Tazama taarab yetu hii ilivoanza. Seyyid Barghash, sultani alotawala hapa Unguja 1870 mpaka 1888, alipenda muziki wa Misri, akataka na kwake upigwe. Kafanya nini? Kamtoa mtu wa hapa, Muhammed bin Ibrahim, kampeleka Cairo akajifunze ganuni. Ganuni unaijua, nyuzi zaidi ya 70, kuitia sauti peke yake kabla ya shughuli watu washakunywa chai wakamaliza, hakuna mtoto anozaliwa anaijua ile. Sultani mwenye pesa zake zote hakukaa akingoja mwenye kipaji azuke, kamtafutia mtu mwalimu. Na yule alorudi akawafundisha wenzake, alafu 1905 vijana wa mjini wakaanzisha kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, wakaagiza ala Misri, na wao wakakaa chini kujifunza. Yani hii sanaa tunojivunia leo imeanza kwa watu kufundishwa.

Sasa utaniambia Siti binti Saad je, yule si alizaliwa na sauti? Sauti alikuwa nayo, sawa. Ila skiza kisa chake vizuri. Kazaliwa Fumba, shamba, mnamo 1880, ukoo wa watumwa, wazee wake wafinyanzi, na yeye kazi yake kutembeza vyungu akiuza. Kaja mjini 1911, na huku mjini ndo kakutana na Ali Muhsin, mtu wa Ikhwani Safaa, akamfundisha kuimba kwa mpango wake, nyimbo za Kiarabu na namna ya kwenda na ala. Na alipoanza kung'aa watu walimwimbia nyimbo za kumdharau, kwamba katoka shamba na kaniki zake, sura hana, ukoo hana. Hakurudi Fumba. 1928 akapanda meli mpaka Bombay kurikodi santuri, zikauzwa pwani yote hii, kwa Kiswahili, wakati taarab ya wakubwa ilikuwa ya Kiarabu. Na nnakutajia yeye hasa kwa sababu ya hilo lako wewe la kuchanganya wimbo na hadithi, maana huyo prodyuza kakwambia pia eti "chagua moja, kuimba au kusimulia". Wimbo wa Kijiti ni nini kama si hadithi? Mwanamke mgeni katoka Dar kaja Unguja, kachukuliwa matembezini, kauliwa, na alomuua, ndo huyo Kijiti, kakimbilia bara. Kisa cha kweli kilitokea, kesi ikenda mahakamani, na Siti akakiweka kwenye wimbo, na walokuwa hawajui kusoma gazeti wakajua lilotokea na wakajua nani kaonewa. Kwaiyo usikubali kuchagua moja, hicho unachofanya kina wenyewe na kina makwao, na kwao ni hapa.

Na Bi Kidude, Allah amrehemu, alofariki 2013. Ile sauti yake ya ukubwani unaikumbuka, nzito, ya kukwaruza, na sigara zake. Hebu mpeleke kwenye mashindano ya tivii ya skuizi na nambari kifuani, sidhani kama angevuka raundi ya kwanza. Na huyo ndo alopewa tuzo ya WOMEX, ile ya muziki wa dunia, 2005, kaimba duniani kote. Alivojifunza ni kwa kukaa karibu na Siti akimsikiliza tangu mtoto, na kwenye ngoma za unyago, miaka na miaka kwenye shughuli za watu. Hakuna alomkalisha kwenye kiti akampima kwa wimbo mmoja.

Haya tuje kwako. Kuna watu wachache sana, kweli wapo, ubongo wao hautofautishi noti ya juu na ya chini, wataalamu wanaita amusia, muziki kwao unaweza kuwa kama makelele tu. Wewe si miongoni mwao, ulikuwa huwezi hata kusema vizuri na ukisikia fidla inaanza kwenye redio unataja wimbo gani. Sikio unalo, na hilo ndo gumu kulitengeneza, mengine yote ni kazi.

Ila kazi ipo, sikufichi. Klipu ulonitumia nimeisikiliza na spika kubwa. Mwisho wa kila mstari sauti inashuka, na haishuki kwa sababu huijui noti, inashuka kwa sababu pumzi imekwisha, unavuta pumzi juu juu kifuani na unaanza kwa nguvu nyingi. Hilo linatibika. La pili, ule ubeti wa kati umeingia bayati, ile njia ya sauti ya Kiarabu, umeuchukua kwangu bila ya kujua labda, na bayati ina robo toni ndani yake, sauti iliyo katikati ya noti mbili za kinanda, na kinanda chao kile cha studio kama hakijatengenezwa kwa ajili hiyo hakina ile sauti, wewe uko sahihi na kinanda kiko sahihi na mkiwa pamoja mnasikika mnagombana. Prodyuza alozoea kinanda atasema umetoka nje. Usimchukie, sikio lake limekulia kwingine. Lakini na wewe usijifiche nyuma ya hilo, kwa sababu sehemu nyengine mbili umetoka kweli, nimepiga fidla juu yake nikahakikisha. Umeona tofauti ya maneno yangu na yake? Mimi nimekwambia wapi, na wewe leo jioni unaweza kukaa ukapatengeneza. Ukiambiwa "huna kipaji" utatengeneza nini hapo?

Hadithi yako mimi naipenda kuliko wimbo, nakwambia kweli. Kosa lake ni haraka. Umesema paukwa na hujangoja hata watu waseme pakawa ushaingia kwa sultani na bintiye, na maana ya hadithi umeitoa mapema kabla jini hajatokea. Bibi ako alikuwa anafika pahala pa kutisha ananyamaza, anakunja ukindu wake kimya mpaka sisi wenyewe tunamwomba. Jifunze kunyamaza pale, ndo hapo ganuni au udi uingie, hata nyuzi mbili tu, alafu urudi na neno.

Umeniuliza pia, na hili ndo nahisi linakuumiza zaidi, "na nikijifunza miaka yote na nisifike?" Mwanangu, inawezekana. Kwenye kikundi chetu yuko mzee mmoja, ujanani kila mtu alisema sauti hana, na mwimbaji wa mbele hakuwahi kuwa hata siku moja. Alianza kwa kupanga viti na kubeba ngoma ya dumbak, akaingia kwenye waitikiaji, akabaki hapo mpaka leo. Lakini nyimbo za zamani ambazo hazijarikodiwa popote ziko kichwani kwake, beti zote, na mwimbaji nyota akisahau anageuka nyuma kumtazama yeye. Sasa mtu kama huyo hakufika? Mimi namheshimu kuliko nyota wengi nlowaona wakipita.

Na uhasibu usiuache, sijasema uache. Vikundi vyetu hivi, Ikhwani na Culture Musical Club pale Vuga, wamejaa watu wenye kazi zao, makarani, walimu, mafundi, mchana wanatafuta riziki na jioni wako mazoezini, wengi hivo ndo walivoishi na muziki. Anokwambia lazima uwe staa au uache anakuuzia kitu. Tafuta mwalimu huko Dar anokaa na mtu mmoja mmoja, na kama likizo yako ni ndefu njoo uanze hapa kwenye ile skuli ya muziki ya Nchi za Majahazi (Dhow Countries Music Academy), ipo tangu mwanzo mwanzo wa miaka ya 2000 na wanafundisha taarab, ngoma na kidumbaki, wamepita hapo watoto walokuwa hawajawahi kugusa udi. Na hadithi usiipeleke studio kwanza, ipeleke kwa watoto wa jirani, watoto hawana adabu ya kuvumilia hadithi mbovu, wakianza kuondoka utajua pahala gani imepwaya.

Usirudi kwa yule bwana kumwonesha kitu, wala usiimbe kwa ajili yake. Na lile alokwambia mbele za watu, aibu ile ni yake yeye, mtu mzima anamuita mwenziwe pembeni.

Mama ako anasema ukija na boti ya Ijumaa utamkuta kashapika, na udi wangu mdogo nimeubadilisha nyuzi, risha mpya ya kupigia iko ndani ya mfuko wake, ni wako huo. Kabla ya hapo nirikodie mstari wa kwanza tu, pumzi uivute chini tumboni, usinitumie wimbo mzima, mstari mmoja, nitakujibu usiku nikitoka mazoezini.

Baba ako